Treni za Kushoto za Bi Chapa

Siku Bi Chapa alipopatwa na kiharusi, kompyuta ndiyo iliyotoa habari kabla ya mtu yeyote. Alikuwa kwenye meza yake katika masjala ya mahakama, meza ileile aliyoikalia kwa miaka ishirini na saba, akichapa barua ya kumjulisha wakili mmoja tarehe ya kesi. Kama kawaida yake hakutazama kibodi wala kioo. Macho yalikuwa kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono, na vidole vilijiendea vyenyewe. Alipoinua macho kuhakiki alichokichapa, akakuta barua inaanza na "k hhim". Ilipaswa kuwa "Kwa heshima". Mstari wa chini yake, neno mahakama lilikuwa limebaki "mhkm".

"Kibodi hii imekufa upande mmoja," alisema, au alidhani amesema. Karani wa meza ya jirani alisikia sauti kama ya mtu aliyejaza pamba mdomoni. Akageuka, akamwona Bi Chapa amenyoosha mkono wa kulia hadi upande wa kushoto wa kibodi, anabonyeza A kwa kidole kimoja, na A inatoka safi, moja, mbili, tatu, mstari mzima. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala mapajani kama glavu iliyosahauliwa na mwenyewe.

Karani hakungoja kuambiwa. Alipiga kelele, watu wakaja, na kabla ya chai ya saa nne Bi Chapa alikuwa hospitali.

Alikuwa na miaka hamsini na nane. Jina lake halisi lilijulikana na watu wa mishahara tu. Wengine wote, kuanzia mahakimu hadi walinzi wa getini, walimwita Bi Chapa, na jina lilimkaa sawasawa: alichapa barua, na alichapa kazi. Mgeni aliyeingia masjala kwa mara ya kwanza angeweza kudhani mvua imeanza kugonga bati, kumbe ni yeye anamalizia hukumu ya kurasa thelathini. Kipanya hakukipenda hata kidogo. "Mkono ukitoka kwenye kibodi, umeshatoka kazini," aliwaambia wachapaji wapya. Kunakili, kukata, kubandika, kurudi nyuma, kuruka kutoka dirisha hili hadi lile, yote aliyafanya kwa vitufe viwili viwili, na Kontroli na S aliibonyeza kila baada ya sentensi kama mtu anayejikuna. Wenzake bado wanatafuta mshale umejificha wapi kwenye kioo, yeye ameshafunga faili na kuanza nyingine.

Sasa ule mkono uliokuwa ukishika Kontroli haukuweza kushika hata kijiko.

Alilazwa wiki tatu. Ulimi ulirudi kwanza, tena ukarudi na ukali wake wote, manesi wakawa mashahidi. Mguu ulifuata polepole. Mkono ndio uliogoma. Alipotoka, mdogo wake wa kiume alimchukua akakae naye, kwa sababu Bi Chapa hakuwa na mume wala mtoto, na chumba chake cha kupanga kilikuwa ghorofa ya tatu. Mdogo wake alikuwa mpiga picha za harusi. Sebule ya mbele aliigeuza studio: kapeti, taa mbili za miguu mirefu, na meza yenye kompyuta ya Mac ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mkewe, yaani wifi yake Bi Chapa, alimtayarishia chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama kamba ya kuanikia nguo.

Mara mbili kwa wiki alipelekwa kliniki ya mazoezi ya viungo. Mtaalamu aliyempokea alikuwa kijana mpole mwenye mikono mikubwa, ambaye wagonjwa wote walimwita Daktari ingawa kila siku aliwakumbusha kwamba yeye si daktari. Alimpa mpira laini wa rangi ya njano.

"Uwe unaubinya, mama. Mara hamsini asubuhi, hamsini jioni."

Bi Chapa aliutazama ule mpira kama mtu aliyeletewa chakula cha mtoto. "Nikishaubinya, inakuwaje?"

"Vidole vinapata nguvu."

"Nguvu ya kubinya mipira."

Aliubinya siku nne. Siku ya tano wifi yake aliukuta umetupwa nyuma ya kabati. Alipomuuliza, Bi Chapa alimjibu kwamba hajawahi kuona barua iliyoandikwa kwa kubinywa.

Aliyemwokoa ni mpwa wake, binti mkubwa wa huyo mdogo wake. Alikuwa fundi wa kompyuta, ana kibanda chake kidogo mjini kilichojaa nyaya na skurubu, na tangu utotoni alikuwa chanda na pete na shangazi yake. Jumapili moja alikuja na laptopu ya zamani ya Windows kwapani.

"Shangazi, nimekuletea mchezo."

"Mchezo! Nimekuwa mtoto sasa?"

"Wa treni. Utazame kwanza ndipo unitukane."

Ulikuwa mchezo rahisi wa kuangalia. Kioo kiligawanyika katikati. Kushoto kulikuwa na njia panda nane za reli, na kulia nane. Kila njia panda ilikuwa na herufi yake, na treni ikikaribia ilibidi ubonyeze herufi hiyo kwa wakati ili ipite salama. Usipobonyeza, treni ilipotelea kichakani na kutoa moshi wa huzuni. Njia za kushoto zilikuwa Q, W, E, R na A, S, D, F. Bi Chapa alizisoma moja moja. Hakuhitaji kuelezwa. Q na A ni za kidole kidogo, W na S za kinachofuata, E na D za kidole cha kati, R na F za kidole cha shahada. Kila kidole cha mkono wake mgonjwa kilikuwa kimepewa stesheni mbili za kusimamia.

"Treni tano kila njia," mpwa alisema. "Arobaini kushoto, arobaini kulia."

Alichukua mkono wa shangazi yake, akauweka juu ya vitufe, kidole kimoja kimoja.

Mchezo wa kwanza, kulia zilifika treni thelathini na tisa. Kushoto zilifika tatu, zote za kidole cha shahada. Matokeo yalitokea kwenye kioo, namba kumi na sita, moja kwa kila njia panda. Yalikaa sekunde tano, yakafutika, na treni nyingine zikaanza kuja.

"Zimekwenda wapi zile namba?" Bi Chapa aliuliza.

"Mchezo hauzitunzi."

"Hauzitunzi!" Mtu wa masjala alishtuka kuliko alivyoshtushwa na zile treni thelathini na saba za kushoto zilizopotea. "Nitajuaje kesho kama leo ilikuwa mbaya zaidi?"

Mpwa alisema aandike kwenye daftari. Lakini namba kumi na sita kwa sekunde tano hata karani wa bunge asingezinukuu. Tena, alisema Bi Chapa, akiandika mwenyewe hayo ni maneno yake. Yeye anataka waraka. Mpwa akamwonyesha kitufe kilichoandikwa PrtSc, pale juu kulia. "Matokeo yakitokea, bonyeza hiki. Kinapiga picha ya kioo kama kilivyo."

Kwa siku kumi na moja Bi Chapa alicheza kila asubuhi na kila alasiri, na kila matokeo yalipotokea alibonyeza PrtSc kwa mkono mzima, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mpwa alipokuja kuziona hizo picha, akafungua hapa, akafungua pale, akakuna kichwa.

"Shangazi, ulikuwa ukizibandika wapi?"

"Kubandika nini?"

"Hiki kitufe kinanakili tu. Picha inakaa kwenye kumbukumbu mpaka uibandike mahali. Ukipiga nyingine, ya kwanza inaondoka."

Kwa hiyo picha ilikuwa moja tu, ya asubuhi ile. Siku kumi na moja zilikuwa zimekanyagana hadi zikaisha. Mpwa alijiandaa kwa machozi au matusi. Mabega ya Bi Chapa yakaanza kutikisika, na mpwa akaona kwamba anacheka, kile kicheko chake cha zamani kinachoanzia tumboni.

"Nimefundisha watu wangapi kunakili na kubandika? Wangapi? Nimewagombeza watu wazima mpaka wakalia! Leo nimenakili siku kumi na moja bila kubandika hata moja. Wasisikie kule mahakamani."

Ilikuwepo njia nzuri zaidi. Ukishika kitufe cha Windows pamoja na PrtSc, picha inakwenda yenyewe kwenye folda na tarehe yake. Tatizo ni kwamba kitufe cha Windows kilikuwa chini kushoto na PrtSc juu kulia, na mkono mzima ulikuwa mmoja. Bi Chapa alijaribu kutanua vidole mpaka kiganja kikauma. Alijaribu kiwiko. Alijaribu hata kidevu, wifi yake akawa hana mbavu kwa kucheka. Sekunde tano zilipita kila mara.

Mpwa akamwambia, "Bonyeza Shift mara tano. Mfululizo."

Alibonyeza. Kompyuta ikalia, kidirisha kikafunguka.

"Inasema nini?"

"Inauliza kama unataka vitufe visubiriane. Ukikubali, huna haja ya kuvishika kwa pamoja. Unabonyeza cha kwanza, unaachia, kinakungoja. Ukibonyeza cha pili, vinafanya kazi kama vimeshikwa pamoja."

Bi Chapa alikitambua kile kidirisha. Miaka yote hiyo kidirisha kile kilikuwa kikimtokea kazini kwa bahati mbaya anapogonga Shift mfululizo, na kila mara alikifunga kwa hasira, akidhani ni uchafu wa kompyuta. Kumbe mahali fulani, mtu fulani asiyemjua alikaa kwenye kiti akamfikiria mwenye mkono mmoja.

"Ikubalie," alisema, sauti imeshuka.

Windows, kisha PrtSc. Kioo kikafifia kidogo na kurudi. Picha ya kwanza ikaingia kwenye folda: kulia thelathini na nane, kushoto sita.

Tangu hapo aliishika kazi kama anavyoijua yeye. Kila siku alichagua picha moja tu, iliyo bora, akaipa jina kwa tarehe. Kila Jumamosi alizipitia na kulinganisha kidole kwa kidole. Cha shahada kilianza kuamka mwezi wa kwanza. Cha kati kilifuata, kikivuta miguu. Vile viwili vya mwisho vilibaki sifuri, sifuri, sifuri, na yeye akaendelea kuviweka juu ya vitufe vyao kila asubuhi kana kwamba vipo kazini.

Mwezi wa tatu ile laptopu ya zamani ikakataa kuwaka, na mpwa akasema kipuri kitachukua muda. Bi Chapa alikaa siku moja bila treni. Siku ya pili alikwenda sebuleni akasimama mbele ya Mac ya mdogo wake.

"Dada," mdogo wake alisema bila kugeuka, "hilo ndilo shamba langu. Humo ndimo ninamolimia."

"Na mimi ndiye dada yako. Nilikuogesha."

Akapewa asubuhi, mdogo wake anapokuwa nje kupiga picha. Mpwa aliuweka mchezo, lakini vitufe vilikuwa mambo mengine kabisa. Hapa hakuna PrtSc. Hapa ni Command, Shift na 3, vitatu kwa mpigo, na Kontroli aliyoizoea maisha yake yote imepokonywa kazi zake nyingi na kupewa jirani yake Command. "Wamehamishana vyeo," Bi Chapa alinung'unika. Mpwa aliingia kwenye mipangilio, akawasha vitufe vya kusubiriana huko nako. Sasa kila ukibonyeza Command, alama yake ilijitokeza kwenye pembe ya kioo, ikikaa pale kama mtu aliyeitwa akaitika. Bi Chapa aliipenda sana ile alama. Command, akaitika, Shift, akaitika, 3, mlio wa kamera. Sekunde mbili na ziada.

Alichosahau ni kuzima anapoondoka. Mdogo wake alirudi jioni, akaketi kusafisha picha za harusi, akagusa Command mara mbili kwa bahati mbaya, ikabaki kama imeshikwa, na kuanzia hapo kila herufi aliyobonyeza ikawa amri. Dirisha likajifunga. Lingine likafunguka. Kompyuta ikamuuliza kama anataka kuchapisha.

"Dada! Umeiroga hii?"

"Bonyeza tena Command," Bi Chapa aliitikia kutoka chumba cha nyuma, bila kuinuka. "Inakusubiri wewe."

Na picha za Mac zilikwenda moja kwa moja kwenye uso wa kompyuta, palepale mdogo wake alipoweka kazi za wateja. Wiki ile walikuja bwana harusi na bibi harusi kuangalia picha zao zikipita moja baada ya nyingine. Bibi harusi anavishwa pete. Mama mkwe anafuta machozi. Kisha, kioo kizima, reli na moshi: kushoto kumi na nne kati ya arobaini. Wale maharusi wakatazamana. Mdogo wake akaeleza kwamba huyo ni dada yake, akaeleza na ugonjwa, na bibi harusi akaomba aoneshwe nyingine.

Bwana harusi, akiwa anangoja, alimgeukia Bi Chapa aliyekuwa mlangoni na kumuuliza kwa adabu, "Samahani mama, hapa wifi ipo?"

"Yupo nyuma anaanika nguo. Nikuitie?"

"Hapana, nataka neno la siri tu."

"Huyo hana siri, baba. Muulize lolote, atakwambia."

Miezi sita ilipotimia, Daktari alimkalisha Bi Chapa kwenye kiti cha kliniki, faili mkononi. Mguu umepona vizuri, alisema. Mkono nao umefanya kazi nzuri, vidole viwili vimerudi, na hilo si dogo. Lakini kwa vipimo vyake, miezi miwili iliyopita haukusogea. Foleni ya wagonjwa wapya ni ndefu. Alikuwa anafikiri wafunge mazoezi ya mkono, abaki na ya nyumbani tu. Alilisema hilo taratibu, na ilionekana wazi kwamba amelisema kwa wengi na hajalizoea.

"Unapima kwa nini?" Bi Chapa aliuliza.

"Kwa kubinya, mama. Kuna kifaa."

"Nilijua. Ile mipira." Akafungua mkoba kwa mkono wa kulia, akatoa bahasha ya kaki. Mdogo wake alikuwa amezisafisha picha kwa karatasi ya studio, nne nne kwa ukurasa, mia moja na thelathini na nane, kila moja na tarehe. Alizipanga mezani mbele ya Daktari kama anavyopangia hakimu vielelezo.

"Hapa, kila herufi ni kidole. Usitazame jumla, jumla inadanganya. Tazama W na S. Hiki hapa, cha tatu ukianzia cha shahada. Sifuri mwezi wa kwanza. Sifuri wa pili. Wa tatu, wa nne, sifuri. Sasa tazama wiki tatu zilizopita."

Daktari aliinama. Moja. Sifuri. Moja. Mbili. Mbili. Nne. Tano.

"Kidole hiki hakijachelewa, Daktari. Kimeingia kazini juzi. Wewe unataka kumfukuza mtu wiki ya tatu ya ajira?"

Daktari alivuta kiti, akakaa. Alizipitia karatasi zote, ukurasa kwa ukurasa, wagonjwa wengine wakichungulia mlangoni. Mwisho alimwomba auweke mkono mezani na anyanyue kidole cha tatu peke yake. Kilinyanyuka, kidogo, kwa kutetemeka, kikashuka. Kwa kifaa cha kubinya kisingeonekana kamwe, maana nguvu hakikuwa nayo. Kilikuwa na utii tu.

"Miezi mitatu mingine," Daktari alisema. Kisha, akiona haya kidogo, "Naweza kubaki na nakala?"

Bi Chapa alikuwa na nakala ya pili tayari kwenye mkoba.

Ndivyo kompyuta iliyokuwa inakaa bure kwenye pembe ya kliniki ilivyopata kazi. Ilikuwa ya msaada, ina mfumo uitwao Linux badala ya Windows, na hakuna aliyejua aifanyie nini. Mpwa aliuweka ule mchezo. Bi Chapa alipokwenda kuijaribu, alikuta picha ya kioo inapigwa kwa Print na Enta, basi, wala hakuna cha kusubiriana. "Kumbe wapo wenye huruma," alisema. Lakini wagonjwa wengine walikuwa na Windows nyumbani, au Mac ya mtoto, na kila mmoja alimuuliza tena na tena. Mahakama ilikuwa imeshampumzisha kwa sababu za afya na kiti chake amepewa mwingine, jambo ambalo hakulizungumza na mtu. Akaketi, akachapa kijitabu. Kurasa saba, safu tatu kila ukurasa: kwenye Windows bonyeza hivi, kwenye Mac hivi, kwenye Linux hivi. Jinsi ya kupiga picha, zinakokwenda, jinsi ya kutoka kwenye mchezo bila kuuua, jinsi ya kuomba vitufe visubiriane. Alikiita Vitufe kwa Mkono Mmoja. Alikichapa kwa mkono mzima na vidole viwili na nusu vya ule mwingine, na hakikuwa na kosa hata moja la herufi.

Alijivunia, na hakuficha. Alikigawa kliniki kwa mkono wake.

Mtu wa kwanza kukikosoa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, bwana mnene mwenye sauti ya karakana, ambaye mashine ilimponda mkono wa kulia. Alikisoma chote, akiwa amekaa mbele ya ile kompyuta, kisha akakirudisha.

"Mama, kizuri. Ila si changu."

"Kwa nini?"

"Wewe umeandika kama kila mtu ana mkono wa kulia. 'Dole gumba hapa, kidole kidogo kifike pale.' Mimi nilichobakiwa nacho ni hiki." Akainua mkono wa kushoto.

Bi Chapa alikichukua kijitabu, akakifungua tena ukurasa wa kwanza. Ilikuwa kweli. Aliandika kuhusu mkono alionao, akasahau kwamba kuna aliyebaki na ule mwingine. Siku ile alirudi nyumbani akaingia moja kwa moja chumbani, wifi yake akadhani amezidiwa.

Kesho yake asubuhi alichukua kilemba cha zamani, akamwomba wifi yake amfunge mkono wa kulia kwenye mgongo wa kiti.

"Wifi, una wazimu?"

"Kaza."

Kwa wiki mbili na nusu alikaa hivyo saa mbili kila siku, laptopu, iliyokuwa imeshatengenezwa, ikiwa upande mmoja na Mac upande wa pili, akijaribu kila kitu alichokiandika kwa ule mkono mgonjwa peke yake. Kilichokuwa kikimchukua sekunde mbili kilimchukua dakika nzima. Jasho lilimtoka kana kwamba anapasua kuni. Wakati mwingine mkono ulisinzia kabisa, akaukemea, akausubiri, wakaanza tena. Mdogo wake aliingia mara moja kuomba kompyuta yake, akamwona dada yake, jino limebana mdomo wa chini, kidole cha kati kinatambaa kutoka Command kwenda Shift. Akarudi nyuma akafunga mlango polepole.

Aligundua mengi. Kwenye Mac, mwenye mkono wa kushoto ndiye aliyependelewa: Command, Shift na 3 zote ziko upande wake. Kwenye Windows inabidi mkono usafiri kibodi nzima, lakini vitufe vikisubiriana safari si tabu. Katika siku hizohizo, akicheza treni mwishoni ili kupumzika, mkono wa kulia umeshafunguliwa, njia ya A ilipitisha treni moja. Hakuiona ikipita. Aliikuta kwenye matokeo, moja, mahali palipokuwa na sifuri tangu mwanzo. Alibonyeza Windows, akabonyeza PrtSc, akaihifadhi, kisha ndipo akaita watu. Wifi yake alikuja na mikono ya sabuni.

Treni ya pili ya A haijafika hadi leo. Kidole kidogo kimerudi kwenye usingizi wake, na Daktari anasema huenda kisirudi tena. Bi Chapa amekubali. A anaichapa kwa kidole cha tatu, na kwa sababu A imejaa katika kila neno tunalosema, kidole hicho ndicho kinachofanya kazi kuliko vyote mkononi mwake.

Kijitabu cha pili kilikuwa na kurasa kumi na nne, kulia na kushoto. Fundi alikipokea, akakisoma amesimama, akauliza, "Haya ya kushoto nani amekujaribia?"

"Mimi."

Fundi alitazama mkono wa kushoto wa Bi Chapa, ule uliolegea kidogo kwenye kifundo. Alivuta kiti akakaa mbele ya kompyuta, na mchana ule alijifunza vitufe kumi na viwili. Baada ya miezi minne alirudi karakana kwake, si kuchomelea, bali kuchora mageti kwa kompyuta huku vijana wake wakichomelea. Hupita kliniki mara mojamoja kumwonyesha Bi Chapa michoro, naye huikagua kama hukumu, akitafuta mstari uliopinda.

Siku hizi Bi Chapa yupo kwenye pembe ile Jumatatu na Alhamisi. Amehamia chumba kingine cha kupanga, cha chini safari hii, na huja mwenyewe kwa mguu wake. Alhamisi iliyopita alikuta mwanamke mmoja, mshonaji, amekaa pembezoni mwa kiti, mkono wa kushoto ameufunika kwa mtandio kama kitu cha aibu.

"Wameniambia niongee na wewe," mshonaji alisema. "Sijawahi kugusa kompyuta. Sijui hata nianzie wapi."

Bi Chapa aliutoa mtandio taratibu, akaukunja, akauweka mezani. Akauchukua ule mkono na kuanza kuupanga juu ya kibodi, kidole kimoja kimoja.

"Hiki ni F," alisema. "Kina kimstari kidogo juu yake. Unakisikia?"

"Sisikii."

"Haya. Tukae hapa mpaka ukisikie."